Kivuli Kilichobaki Jikoni

Sagalla, Alhamisi asubuhi, mwezi wa saba 1999.

Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Voi kule chini haionekani, ni kama imefutwa. Nasikia tu garimoshi likipiga honi, sauti yake imezibwa kama mtu anayeita akiwa amejifunika blanketi. Magoti yananiuma kwa baridi. Moyo nao hauko mahali pake.

Majuma mawili sasa sijalala usingizi wa maana.

Mimi shule sikuiona hata mlango. Herufi nilifundishwa na mjukuu wangu Mkamburi, yeye akiwa darasa la pili, mimi nikiwa na mvi tayari. Nikikosea alinichapa vidole na kijiti cha ufagio, nami nilimwacha, maana mwalimu ni mwalimu. Sasa ana miaka ishirini na moja. Alisomea kompyuta Mombasa, na yuko Voi kwenye ofisi ya kupiga chapa ya Bi Zuhura, anachapa barua za watu na mitihani ya shule. Haya ninayoandika kwenye daftari yeye huyachapa, akayatia kwenye ukurasa wake wa intaneti, ati watu wa mbali wanasoma maneno ya kikongwe wa Sagalla. Wasome. Haya ya leo ataamua mwenyewe.

Ni habari ya gemu.

Kuna gemu moja ya kompyuta iliyotoka ng'ambo. Watu wanakimbia ndani ya jumba la mawe na bunduki, wanapigana risasi kwenye ngazi, sijui wanagombania nini. Mkamburi aligundua kwamba gemu hiyo inafunguliwa tumbo. Unatoa jumba lao, unaweka lako. Basi akaweka nyumba yangu. Nilipomuuliza kwa nini hakuweka jengo la maana, kama benki, alinijibu kwamba nyumba zote za kwenye gemu ni za Wazungu, na yeye anataka kutembea mahali anapopajua. Bunduki amezitoa. Nilimshukuru kwa hilo. Sitaki mtu akimbie na bunduki juu ya sakafu niliyoipiga samadi kwa mkono wangu.

Kwa mara ya kwanza aliniita Jumatano ya majuma mawili yaliyopita. Alisema mwanga wa kwenye nyumba una makosa na yeye haoni ni nini, kwa sababu mtu anayeijua nyumba hiyo kila saa ya siku ni mimi tu. Nikashuka Voi. Bi Zuhura akaniwekea kiti chenye mto na chai ya iliki, akasema, "Mama Wakesho, keti hapa. Leo wewe ndiwe fundi, sisi vibarua."

Mama Wakesho. Hivyo ndivyo ninavyoitwa na kila mtu tangu nizae. Nimemzika Wakesho na jina bado wanaliita kila siku, sokoni, kanisani, kisimani.

Nikatazama kwenye kioo cha kompyuta. Mungu wangu. Kilikuwa ni kizingiti changu chenye ufa. Mabati yangu, kinu changu, mafiga yangu matatu, hata lile moja lililobonyea. Mtoto huyu alikulia kwenye nyumba hii akiwa na macho, mimi nilidhani anacheza tu.

Lakini mwanga ulikuwa mbovu kweli. Nilimwambia bila kumbembeleza. Koroboi haiwaki hivyo, ikirukaruka kama taa ya gari linalokata kona. Koroboi inatikisika pole pole, mtu akipita. Halafu kwenye pembe ya jikoni kulikuwa na mstari wa jua chini sakafuni, na pembe ile haijapata kuona jua tangu mume wangu aikandike. Mkamburi akasogea karibu, akatafuta, akakuta kweli kuta mbili hazikukutana. Palikuwa na upenyo mwembamba, jua linaingia. Akaniambia nina jicho la fundi. Nikamwambia nina jicho la mtu aliyefagia hapo miaka arobaini.

Kisha akageuza, tukatazama upande wa mafiga.

Ukutani kulikuwa na kivuli.

Kivuli cha mtu ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeinama, na mapajani amepakata kitu. Kigoda kilikuwepo, lakini juu yake hapakuwa na mtu. Mkamburi akacheka. Akanieleza kwamba aliwahi kumweka mama yake hapo, akiwa amempakata yeye mtoto, kama nilivyomsimulia mimi. Lakini umbo la mwanamke alilichukua kwenye gemu yenyewe, na hata alipomfunga leso, uso ulikuwa wa Mzungu. Alifanana na sista wa misheni. Akaona haya, akamfuta. Mtu akaondoka, kivuli kikabaki, na kila akijaribu kukiondoa kinakataa. Ati ni kosa tu la kompyuta.

Mimi sikucheka. Nilisema mgongo unaniuma, nikarudi nyumbani na gari la mapema.

Tangu siku hiyo napika nje. Nimepanga mawe chini ya upenu, majirani wananiuliza, nawaambia moshi unaniumiza macho. Uongo mtupu. Siwezi kuketi mbele ya mafiga na kuupa mgongo ule ukuta. Mimi ni mama wa kanisa, siogopi majini wala nini. Naogopa ukuta wa udongo.

Sasa niseme kwa nini, maana nimelizunguka hili jambo miaka kumi na minane, na nimechoka.

Wakesho, binti yangu wa pekee, alirudi kutoka Mwatate, kwenye mashamba ya mkonge, akiwa anakohoa damu. Mkamburi alikuwa na miaka mitatu. Hospitalini walisema ni kifua kikuu, wakampa dawa za muda mrefu, wakaniambia mtoto asilale naye chumba kimoja. Hilo tu. Hawakusema zaidi. Mimi ndiye niliyeongeza. Nilimtoa kwenye nyumba kabisa, nikamlaza stoo, hapo mkabala na jikoni, tunapoweka mahindi. Nikamtengea kikombe, sahani na kijiko. Chakula nilikiweka kizingitini, nikabisha, nikaondoka.

Niliogopa. Nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja mdogo, na nilimwona huyo mkubwa kama ameshaondoka.

Alikuwa na ombi moja. Jioni, nikiwasha moto na Mkamburi akikaa kuuota, niuache mlango wa stoo wazi ili amwone. Asikaribie, asimguse, amwone tu kutoka kule kwenye mkeka. Nilikubali siku mbili. Siku ya tatu Mkamburi alimwona mama yake, akanyanyuka kumkimbilia, na nilimdaka akiwa katikati ya ua. Nikaufunga mlango. Nikatia komeo kwa nje. Sikuufungua tena jioni hata moja. Alikuwa akiniita, "Mama, kidogo tu," na mimi nikaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ili mtoto asisikie.

Alikufa mchana mmoja mimi nikiwa kisimani. Mlango ulikuwa umefungwa.

Na Mkamburi alipokua akauliza, nilimwambia mama yake alikufa jikoni, kando ya moto, akiwa amempakata yeye. Nilimpa hadithi nzuri kwa sababu nilimpenda. Na kwa sababu nilitaka na mimi niwemo ndani yake, nikiwa mtu mwema.

Basi ile siku nilipoona ukuta ule kwenye kioo, sikuona kosa la kompyuta. Niliona uongo wangu umeketi kwenye kigoda.

Jana Mkamburi akatuma neno kwa mtu wa pikapu: nishuke tena, amerekebisha. Nilitaka kusema naumwa. Nikajiambia, wewe mzee, utaumwa mpaka lini. Nikashuka.

Koroboi ilikuwa nzuri. Ilitikisika kama yangu. Upenyo wa pembeni alikuwa ameuziba, akanionyesha jinsi kuta zilivyokutana, huwezi kupitisha hata ukucha. Lakini kivuli kilikuwa pale pale. Mkamburi alikuwa ameshachoka nacho. Alisema ameondoa taa moja moja. Ya moto, ya koroboi, ya dirishani. Amefuta kigoda akakirudisha. Amejaribu kila jioni. Bi Zuhura, aliyekuwa akipanga karatasi, akasema labda kompyuta hiyo inataka kusomewa dua, na kama haisikii dua basi imwagiwe chai. Mkamburi akamwambia, "Bi Zuhura, ukiimwagia chai mimi na wewe tutauza mahamri."

Mimi nilikuwa natazama sakafu. Kwenye ile pembe iliyozibwa, mstari wa jua ulikuwa bado umelala chini.

Ukuta umezibwa, jua limeingilia wapi?

Nilimuuliza hivyo hivyo. Akainamia kioo. Nikamuuliza huo mwanga hutokea vipi, unawaka wakati tunautazama, ama? Akanieleza, na alipokuwa akieleza sauti yake ikawa inapungua. Kumbe mwanga wa kwenye gemu ile hauwaki. Hupikwa. Ukishajenga nyumba na kuweka taa, unaiamuru kompyuta ipige hesabu ya kila mahali mwanga unapoangukia na kila kivuli kinapokaa, halafu inavipaka ukutani na sakafuni kama chokaa. Baada ya hapo unaweza kuondoa taa, ukaondoa hata mtu. Kilichopakwa kimepakwa; kutikisika tu kwa koroboi ndiko kunakobadilishwa bila kupika. Na kupika huko kunachukua saa tatu, nne, kwa hiyo yeye alikuwa akibadilisha vitu na kuruka upishi, ili asiishikilie kompyuta ya kazi.

Nikamwambia, "Sasa wewe umebadilisha unga, na unaonja ugali wa jana."

Alijipiga kofi kwenye paji la uso. Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini, akasema msomi ameshindwa na mtu asiye na cheti hata cha ubatizo. Nina cha ubatizo, nikamwambia, ila kimeliwa na mchwa. Mkamburi akanibusu shavu. Akasema apike sasa hivi, Jumatano mchana hakuna wateja, na stima ikikubali tutamaliza kabla gari halijaondoka.

Akabonyeza. Namba zikaanza kupanda chini ya kioo, moja, mbili, tatu, taratibu kuelekea mia. Bi Zuhura akaenda kuswali na kupumzika nyumbani kwake nyuma ya ofisi. Tukabaki wawili.

Hapo ndipo Mkamburi alipofungua droo akatoa picha. Ni ile ya kitambulisho cha Wakesho, niliyoificha ndani ya Biblia, nusu imeliwa na unyevu. Aliichukua Pasaka, hakuniambia. Alikuwa ameshaiingiza kwenye kompyuta na kulisafisha jicho moja kwa kulifananisha na lile jingine. Akanionyesha. Binti yangu akanitazama kutoka kwenye kioo, yuko mzima, hakohoi.

Akasema, "Kivuli cha zamani kikishafutika, namrudisha mama mahali pake akiwa na uso wake. Hapo kando ya moto, na mimi mapajani. Halafu napika mara ya mwisho na sigusi tena."

Mara ya mwisho na hagusi tena.

Namba zilikuwa kwenye thelathini. Nilizitazama. Nilifikiri, nikae kimya tu. Ni gemu. Nani amekufa kwa sababu ya gemu? Atampaka mama yake ukutani, atakuwa na furaha, nami nitapika nje mpaka nife, si muda mrefu. Nikafikiria hivyo mpaka arobaini. Halafu nikaona vidole vyake vinavyogusa ile picha, kwa ncha tu, na nikajua kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa nimetia komeo mara ya pili.

Nikamwambia, "Mama yako hakufia hapo."

Nikasema yote. Stoo, kikombe, komeo, nyimbo. Sikulia, maana kulia ni kuomba kuhurumiwa, na sikuwa na haki hiyo. Nilimwambia hata kwamba yeye alinyanyuka kumkimbilia mama yake, na mimi ndiye niliyemdaka. Namba zikaendelea kupanda zenyewe, hazina habari.

Mkamburi alikuwa akitazama mikono yangu. Kisha akauliza kama mama yake alijua kwamba yeye alimkimbilia. Nikasema ndiyo, alimwona, alinyoosha mikono.

"Basi ninalo hilo," akasema.

Halafu akausimamisha upishi. Ulikuwa umefika kwenye sabini na kitu. Akabonyeza, namba zikafa. Akageuza kioo upande wa ua, mahali alipokuwa ameacha patupu, akaanza kujenga. Aliniuliza maswali kama seremala, bila kunitazama. Stoo ina upana gani? Hatua zako ngapi? Mkeka ulilazwa kichwa wapi? Dirisha? Nikasema hakuna dirisha. Taa? Nikasema niliiweka koroboi kizingitini pamoja na chakula, nikarudi kuichukua akishakula, kwa kuogopa moto kwenye magunia. Mkono wake ukasimama hapo kidogo. Kisha ukaendelea.

Kila jibu lilikuwa kama kuvuliwa nguo. Nilimjibu yote.

Akaweka kuta. Akaweka mkeka. Akamweka Wakesho juu ya mkeka, ameegemea ukuta, na ule uso wake wa picha. Upande wa pili, jikoni, kando ya moto, akaweka mtoto mdogo peke yake kwenye kigoda. Hakuniweka mimi popote. Sikuuliza.

Mwisho akaweka mlango. Akauliza ulifungukia ndani ama nje. Nikasema nje. Akautazama. Mimi pia. Nilidhani ataufunga, na angekuwa na haki. Akaufuta. Mlango ukatoka wote, bawaba na yote, pakabaki pengo tupu kati ya mkeka na moto.

Nikasema, "Lakini haikuwa hivyo."

Akasema, "Najua haikuwa hivyo. Taa siongezi, hakukuwa na taa. Nauacha tu mwanga wa moto upite." Halafu ndipo aliponitazama, macho makavu kuliko yangu. "Huo ni mlango wa kwenye kompyuta, nyanya. Wa nyumbani utautoa wewe."

Akaanza kupika upya, kutoka sifuri. Sikungoja. Gari la Sagalla lilikuwa linapiga honi, na hata lisingepiga, nafikiri alitaka kuwa peke yake na mama yake. Siku zote hunishika mkono mpaka stendi. Jana alibaki kwenye kiti. Bi Zuhura ndiye aliyenisindikiza, akaona uso wangu, akanifungia mahamri kwenye gazeti.

Sijui kama mwanga wa moto ulimfikia. Labda kuna ukuta alioukosea tena. Labda stima ilikatika.

Usiku sikumsikia Wakesho akiniita. Nilikuwa nikimsikia kila usiku kwa majuma mawili, na jana hakuita, na nitasema ukweli, ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Ni kama amegeuka kumsikiliza mtu mwingine.

Leo nimeamka, nimeenda stoo. Mlango ni ule ule, mbao za mvule, mume wangu aliutengeneza uishi kuliko sisi. Nimehamisha magunia mawili ya mahindi ili nifikie bawaba. Zimeshika kutu. Nimejaribu na kisu cha jikoni, ncha imevunjika. Nimejaribu na shoka, nimejikata kidole gumba, damu imedondoka kwenye ukurasa huu, Mkamburi ukichapa usiichape hiyo. Jirani yangu Mwakio ana bisibisi na mafuta ya baiskeli. Atauliza mzee kama mimi anatoa mlango wa mahindi kwa nini, na nyani wamejaa. Nitamwambia. Nimeshaanza kusema, sina sababu ya kuacha.

Nyani wale mahindi. Tutapanda mengine.

Jumamosi Mkamburi hupanda kuja kulala huku. Hajasema kama hiyo ya kesho kutwa atapanda, nami sitamtumia mtu kumuuliza. Nitawasha moto jikoni, ndani, kwenye mafiga. Asipokuja nitauwasha Jumamosi nyingine.

Akija, akute pengo.